Buyu la Upande wa Kushoto

Great Barr, Birmingham
24 Januari 2005

Shoga yangu Kamla,

Natumai umefika Mombasa salama na umemkuta dada yako Tara anaweza japo kukaa kitako. Nyonga ikivunjika kwa mtu wa umri wake si jambo la mchezo. Kila nikimaliza kuswali namwombea. Najua nyinyi ni Wahindu na mimi ni Muislamu, lakini aliyeiumba ile mifupa ni Mmoja.

Iddi kubwa imepita. Msikiti mmoja walisali Alhamisi, mwingine Ijumaa, na Hafidh akaona ni busara ale biriani siku zote mbili ili asikosee.

Sasa habari ya amana yako. Ile vina yako ya kupigia muziki iko chumba cha Amour, ambacho ni kitupu tangu mwanangu aoe akahamia Leicester. Nyuzi nimezilegeza kidogo kama ulivyonionyesha. Habari ya baridi hukuniambia kitu, nami nikatumia akili yangu. Chumba kile kinauma, na yale mabuyu mawili jinsi yalivyo mepesi, yananing'inia chini ya ule mti wake kama matiti ya mama aliyenyonyesha wengi, nikayaonea huruma. Nimeyapaka mafuta ya nazi, nikaifunga vina yote kwa kanga mbili, nikailaza ubavuni mwa hita. Hita naiwasha tokea asubuhi mpaka tunapolala. Hafidh ananung'unika. "Chombo cha Kihindi kinaota moto, mume wa ndoa anafunikwa blanketi moja." Nikamwambia yeye sikuachiwa amana.

Kama kuna ninalokosea niambie upesi. Najua simu ya kwa Tara imekatwa, lakini vibanda vya simu huko havikosekani.

Akupendaye,
Mwanamkasi


Mombasa
4 Februari 2005

Mwanamkasi mpenzi,

Barua yako niliipata jana. Nimeisoma mara nyingi kitandani kwa Tara, yeye amelala na mimi sina la kufanya ila kumpepea.

Hali yake ni hivyo hivyo. Daktari anataka atembee, yeye anataka chai. Nitakuwa hapa mpaka mwisho wa Aprili.

Nina habari. Wale watu wa ukumbi wa Moseley wameniandikia. Wananitaka nipige tarehe 14 Mei, saa nzima, mimi peke yangu. Miaka ishirini na tisa nimekaa Birmingham, wanaopiga vina hii nchi nzima hawajai vidole vya mkono mmoja, na leo ndiyo wamejua nipo. Nimewajibu nitapiga. Nina miaka hamsini na tisa, sidhani kama nitaitwa tena.

Sijapata kukwambia nilivyoipata. Tulipoondoka Zanzibar na kwenda Bombay nilikuwa na miaka kumi na minane. Mwalimu wangu alikuwa Muislamu, mzee wa sala tano kama wewe. Alinifundisha nyuma ya pazia, mlango umefungwa, kwa sababu wazee wa fani ile walisema vina haishikwi na mwanamke, kwamba buyu likikaa kifuani huharibu kizazi. Alipokaribia kufa akampita mwanawe akanipa mimi. Baadaye nikaolewa, nisizae, na wapo walioniambia tulikuonya. Mimi sikuiacha hata siku moja.

Kila Jumapili ugonge ule uzi mnene mara moja tu, kwa kidole, halafu uniandikie umesikia nini.

Wako,
Kamla


Great Barr, Birmingham
11 Februari 2005

Kaka yangu Ussi,

Assalamu alaykum. Watoto hawajambo, Hafidh hajambo. Mimi ndiye niliyekwisha.

Unamkumbuka Kamla, yule Mhindi mzaliwa wa Kiponda niliyekusimulia, niliyekutana naye sokoni akanisaidia kumtukana muuza muhogo kwa Kiswahili? Amekwenda Mombasa kumuuguza dada yake, akaniachia chombo chake cha muziki. Kinaitwa vina. Ni mti mrefu wenye nyuzi juu, na chini yake mabuyu makavu mawili makubwa yanayotoa sauti. Kakipata kwa mwalimu wake, na kwake kile ndicho mume na ndicho mtoto.

Jumatano nilikuwa nasali Alasiri. Nimo katika sijda nikasikia kitu chumba cha pili, mlio kama kopo lililokanyagwa. Nikajua. Nimemaliza ile sala sijui nimesoma nini, Mola anisamehe. Kwenda kutazama, buyu la kushoto limepasuka kutoka juu mpaka chini, ufa kidole kinapita. Na vile vijiti vinavyopangwa juu ya mti ili kuzigawa sauti, kumbe vimeshikizwa kwa nta. Nta imeyeyuka, vimelala ovyo kama watu waliolewa.

Nimebeba lile buyu ndani ya mfuko wa nguo mpaka Moseley kwa fundi wa magitaa. Akaniuliza lilikaa wapi. Nikamwambia karibu na hita, lisipate baridi. Akavua miwani yake. Anasema baridi hailidhuru, kinacholiua ni joto kavu, na yeye hawezi kuliunga likatoa sauti tena. Linatakiwa jingine, na hapa Uingereza haliko.

Ndipo nikakukumbuka wewe na mimumunye yako ya Donge. Nimelizungushia uzi lile buyu pale lilipo nene, nikafunga fundo. Uzi huo nimeuweka ndani ya barua hii. Nitafutie buyu kavu la mzingo huo huo, zima, lisilokatwa. Safiya wa jirani yetu Bi Zuwena anarudi chuoni huku mwezi wa tatu, atalibeba.

Kamla ana onyesho tarehe 14 Mei. Sijamwambia, na wewe usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Mwanamkasi


Great Barr, Birmingham
13 Februari 2005

Shoga yangu Kamla,

Nimefurahi mno kwa habari ya ukumbi. Hafidh anasema atavaa kanzu ya Iddi.

Huku kila kitu salama. Leo Jumapili nimegonga ule uzi mnene kama ulivyotaka. Umelia vizuri, kama kengele. Usiwe na wasiwasi, mshughulikie mgonjwa.

Nakatisha hapa, nguo zimo mashineni.

Mwanamkasi


Donge, Unguja
27 Februari 2005

Mdogo wangu Mwanamkasi,

Waalaykum salaam. Barua yako imenichekesha na kunitia huruma, nayo huruma ilichelewa kidogo.

Uzi wako nimetembea nao kijiji kizima kama fundi cherehani. Mamumunye yangu ya mwaka huu bado mabichi, yakikaushwa hayatawahi. Buyu kavu la kadiri hiyo nimelikuta kwa Bi Maisara wa bondeni, ametoboa kitundu kidogo tu shingoni akahifadhia mbegu za mchicha tangu enzi ya mumewe. Nikamwambia linatakiwa Ulaya. Akasema, "Ulaya wana kila kitu, wananitakia buyu langu mimi?" Nikakaa naye siku mbili. Siku ya tatu amekubali kwa ndoo yenye kifuniko, na kwa sharti nimhamishie mbegu mimi mwenyewe, bila kumwaga hata moja.

Fundo limekutana sawasawa. Safiya atakuja nalo ndege ya tarehe tisa. Nimemwambia alipakate kama mtoto na wakimuuliza uwanjani aseme kweli.

Na wewe sema kweli, Mwana. Tangu udogo wako ukidanganya huli. Umekula?

Kaka yako,
Ussi


Mombasa
2 Machi 2005

Mwanamkasi mpenzi,

Nimepokea barua yako fupi. Tara amepiga hatua sita na gongo jana, akaomba apigiwe makofi.

Umeandika kwamba uzi umelia kama kengele. Nimekuwa nikiliwaza neno hilo. Ule uzi hulia chini sana, ukiugonga unausikia mbavuni kabla ya masikioni. Nina miaka arubaini nao na sijasikia kengele.

Mabuyu hujayataja.

Ukumbi wameshachapisha jina langu kwenye karatasi.

Wako,
Kamla


Great Barr, Birmingham
12 Machi 2005

Kamla,

Barua yako ninayo mfukoni tokea jana. Nimekwenda nayo kazini, nikapika nayo chakula cha watoto wa skuli mia mbili, nikarudi nayo. Sasa naandika, na nikisita sitaandika tena.

Nilikudanganya. Tarehe 9 Februari buyu la kushoto limepasuka. Nta imeyeyuka, vile vijiti vyote vimeachia. Sikugonga uzi wowote. Siku niliyokuandikia vina ilikuwa imeshakuwa vipande, nimeifunika shuka kama maiti. Neno kengele nililibuni kwa sababu sikujua sauti nzuri ya chombo chako ikoje, mimi si mtu wa muziki.

Ni kwa sababu ya hita. Fundi wa Moseley amenieleza. Nilifikiri kitu kilichotoka nchi ya joto kinataka joto. Ndivyo nilivyowalea watoto wangu huku, mafuta ya nazi na kuwafunika, na wote walikua. Sikukusudia, na Mungu shahidi. Lakini kuvunja ni kosa moja na kuficha ni la pili, na hili la pili nililikusudia.

Nafunga Jumatatu na Alhamisi. Hafidh ameniuliza nina nadhiri gani, nikamwambia tumbo.

Kaka yangu ameniletea buyu kutoka Donge. Safiya, binti wa jirani yetu wa zamani, alifika nalo juzi, amelipakata safari nzima. Ofisa wa uwanjani alilitikisa, likatoa mbegu moja ya mchicha, akaichukua hiyo mbegu na kumwachia buyu. Lakini nimelipima na jenzake lile la kulia, nimeona ni kubwa zaidi. Nimekaa nikifikiri mpaka nikaelewa. Nilipolizungushia uzi lile lililopasuka, ufa ulikuwa wazi. Nimepima na ufa wake. Hata katika kutengeneza nimeharibu.

Kama hutaki kuniona tena nitaelewa. Ila niandikie, hata ikiwa barua ya matusi. Usininyamazie.

Mwanamkasi


Mombasa
25 Machi 2005

Mwanamkasi,

Nimekaa siku nne na barua yako. Nilitaka nikujibu kwa upole tu, niseme usijali, yamekwisha. Ningefanya hivyo ningekuwa mtu mbaya zaidi ya nilivyo.

Buyu lile lilikuwa na ufa tangu miaka miwili iliyopita. Ulikuwa wa ndani, mwembamba kama unywele, nikauziba kwa nta. Kuna mtengenezaji mmoja London alilimulika kwa taa, akaniambia halitavuka kipupwe kingine ndani ya nyumba yenye moto. Kwangu Moseley nilikuwa siwashi hita chumba kile. Nilikuwa nalala na koti.

Nilipokuja kukuachia nilijua. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni kwako, ukinimiminia chai, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni yalikuwa haya: usiiweke karibu na joto. Nikanywa chai nikaondoka.

Na barua yako ya kwanza ilinifikia tarehe 3 Februari. Umeandika wazi kwamba iko ubavuni mwa hita. Umeniomba nikwambie upesi kama umekosea. Kibanda cha simu kiko hatua hamsini kutoka mlango wa Tara, nakiona ninapokuandikia. Sikwenda. Kila siku nilisema kesho.

Nitakueleza kwa nini, ingawa si udhuru. Mwalimu aliniwekea ile vina mapajani kwa mkono wake. Nilikuwa naamka kila asubuhi nikiogopa kwamba leo ndiyo itapasuka, na itapasuka mikononi mwangu, mwanamke aliyeambiwa asiishike. Nikafikiri ikipasuka kwako nitalia, lakini sitakuwa mimi. Watu watasema ilikuwa baridi ya Birmingham, ilikuwa rafiki asiyejua. Nilichagua mtu ambaye najua sitaweza kumkasirikia.

Sikufikiri kwamba utafunga.

Kamla


Great Barr, Birmingham
5 Aprili 2005

Kamla,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, Hafidh akisikiliza. Alipomaliza kusikiliza akainuka akazima hita ya chumba cha Amour, ambayo nimeiacha ikiwaka tangu nilipoitoa vina mle, kwa sababu nilikuwa naogopa kuingia tena.

Nimehesabu. Tangu ufa ule mpaka barua yako iliponifikia leo ni siku hamsini na tano. Siku hamsini na tano nimejiona mimi ni mwizi wa amana. Nimekwenda kwa mwalimu wa chuo msikitini nikamuuliza kupitia pazia, mtu akiharibu amana kwa ujinga ana hukumu gani. Mwanamke mzima, nimesimama pale nalia mbele ya wasichana wadogo. Wewe siku hizo ulikuwa unakitazama kibanda cha simu.

Uliniletea mgonjwa wako afie kwangu, na hukuniambia kwamba anakufa. Ungeniambia ningekaa naye. Hilo ndilo linaloniuma, si jingine. Ungesema, Mwanamkasi, naogopa, siwezi kulitazama, litazame wewe. Ningekukatalia? Wewe unanijua.

Umesema ulichagua mtu usiyeweza kumkasirikia. Basi mimi nakasirika. Uongo wangu nimeutubia kwa Mola wangu na nimeukiri kwako. Wako uko juu yako.

Buyu la Donge liko juu ya kabati la jikoni, halilingani na jenzake lakini ni zima. Sitalituma kwa posta, sitampa mtu akuletee Moseley. Ukirudi njoo ulichukue mwenyewe, na ukifika useme kwa mdomo wako. Barua zinatosha.

Siku zilizobaki mpaka onyesho lako unazijua.

Mwanamkasi


Mombasa
14 Aprili 2005

Mwanamkasi,

Tara anatembea mpaka mlangoni. Nimebadilisha tiketi. Nitafika Jumatano tarehe 20, na sitapitia nyumbani kwanza.

Kamla


Great Barr, Birmingham
10 Mei 2005

Kaka yangu Ussi,

Assalamu alaykum. Najua unasubiri habari ya buyu lako, nami nimechelewa kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na jibu.

Kamla alikuja tarehe 20 na sanduku lake, moja kwa moja kutoka uwanjani. Nilimfungulia mlango, sikumpa mkono. Akasimama pale pale barazani, mvua inamnyeshea, akasema aliyokuja kuyasema. Hayo sitakuandikia, ni yetu. Mimi nikamwambia nimesikia, ingia, utapata homa. Sikumwambia nimekusamehe. Sikuweza, kaka, neno lilikuwa halijafika.

Amekaa kwetu wiki tatu. Lile buyu amelitoboa yeye mwenyewe mezani kwangu, kwa kisu kidogo na msasa, siku tano, akipiga kila mara kwa ukucha na kusikiliza. Vijiti amevipanga upya, nta anaiyeyusha kwenye kijiko changu cha supu. Bakuli za maji tumeziweka chumba kizima ili hewa isikauke. Hafidh amezikanyaga mbili. Amezoea kumwambia Kamla, "Shemeji, hapa ni nyumba au ni kisima?" na yeye anamjibu, "Kisima, usitumbukie."

Kazi ya mwisho ilikuwa ni kukaza nyuzi, na hiyo ndiyo tuliyoiogopa. Buyu geni likivutwa ghafla hupasuka, na jingine haliko. Kamla akasema tukaze kidogo kidogo kwa siku tatu, lakini yeye hana subira, akiachiwa atazungusha vigingi vya nyuzi kila dakika. Basi tukapatana kwamba atazungusha baada ya sala zangu tu. Alfajiri mpaka Isha, mara tano kwa siku. Mimi nikisali chumbani, yeye anakaa nje ya mlango na vina mapajani, akinisikia nimetoa salamu ndipo anazungusha, kiasi cha punje ya mchele, na sote wawili tunasikiliza buyu.

Jana tulifika mzunguko wa mwisho, uzi mnene, baada ya Adhuhuri. Nilipofungua mlango alikuwa ameshika kigingi, hazungushi. Uso wake umekuwa kama wa dada yake Tara, alivyonieleza, anapotazama mlango ulio mbali. Nikaona kwamba neno limefika. Nikaona pia kwamba nikilingoja mpaka baada ya kuzungusha, na buyu likapasuka, huenda nisiliseme tena maisha yangu. Na likikaa salama nikalisema, litakuwa limesemwa na buyu.

Nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia, "Kamla, nimekusamehe. Nakwambia sasa, kabla."

Akaniangalia. Akazungusha.

Kaka, tulingoja. Lilitoa mlio mdogo, kama mtu anayenyoosha goti, halafu likatulia. Mimi nilikuwa nimemshika nguo yake na sikujua. Akagonga ule uzi mara moja kwa kidole, na nikausikia mbavuni, kama alivyosema, sauti nzito, na upande wa kushoto nzito zaidi, kama kuna mtu mwingine anayeguna kutoka ndani.

Akapiga tena, na tena. Anasema vidole vyake vyote vitabidi vijifunze upya, na siku zenyewe ni nne. Yuko chumbani sasa hivi, namsikia, anarudia pale pale.

Jana ile ile, aliposimama kupumzika, aliniuliza, "Unaionaje?"

Nikafikiri nimpe neno zuri, nikalikosa. Nikamwambia kweli, kwamba sauti ile sijaipenda bado.

Akasema, "Hata mimi."

Akaniomba chai, akaendelea.

Mdogo wako,
Mwanamkasi